Wikio la Mutrah na Simenti Yangu

Wanangu mnaofanya kazi ya kuhifadhi nyumba za kale, mmenisumbua miezi mitatu niandike. Haya, nimekaa. Nipo kwangu Hail, kahawa ipo mezani, wajukuu wamekwenda skuli, na mume wangu nimemwambia asinisemeshe mpaka adhuhuri. Nikiruka huku na kule mtanisamehe. Kazini nilichora mistari iliyonyooka karibu miaka thelathini. Sasa nimestaafu na nina haki ya kupinda kidogo.

Wengi wenu mnanijua kama Bi Nasra wa mawikio. Wikio, kwa ambao hawakulelewa na bibi wa Kizanzibari, ni daraja la mbao lililofunikwa. Linatoka ghorofa ya juu ya nyumba moja, linapita juu ya kichochoro, linaingia ghorofa ya juu ya nyumba ya pili. Lina sakafu, lina kuta, lina paa, na vidirisha vya mbao zilizopishana. Waarabu wa hapa huliita sabati. Unguja niliyaacha, na nilipofika Mutrah, mji wa bandari wa huku kwa Waarabu, nikayakuta tena nyuma ya soko, nikajihisi kama nimekutana na jamaa zangu safarini. Anayepita chini anapata kivuli. Anayepita juu anapata sitara: mwanamke anatoka kwake anakwenda kwa wifi yake bila kuvaa buibui, bila kushuka ngazi, na sahani ya sambusa mkononi bado ina moto.

Sitara hiyo ndiyo iliyonipa kazi. Ofisi ya kuhifadhi nyumba za kale ilikuwa ikituma wanaume kwenda kuyapima mawikio, na wanaume walikuwa wakirudi mikono mitupu. Wangeingiaje? Njia ya wikio inapita vyumbani mwa wanawake. Basi walisimama kichochoroni wakitazama juu, wakakisia. Ramani moja niliyoikuta ofisini ilionyesha wikio lisilo na mlango upande mmoja. Nadhani mchoraji aliona haya kuuliza. Mkuu wa ofisi aliposikia kuna msichana ametoka Unguja na cheti cha kuchora ramani, alinichukua kabla sijamaliza kujitambulisha.

Siku yangu ya kwanza nilikwenda na utepe wa kupimia, penseli mbili na shingo ngumu ya kujiona fundi. Mama mwenye nyumba akanikaribisha kahawa. Nikanywa, akatia tena. Nikanywa, akatia tena. Kwetu Unguja mimi nilizoea kusema "nimetosheka, ahsante," na nilisema, naye akacheka akatia tena, kwa vile hapa neno hilo ni adabu tu ya mgeni. Nilifika kikombe cha kumi na kimoja, moyo unanidunda kama ninafukuzwa, ndipo binti yake aliponihurumia akaninong'oneza, "Tikisa kikombe." Nikakitikisa, mama akakipokea, yakaisha. Lakini mikono ilikuwa inatetemeka kwa kahawa, siwezi kushika penseli. Nikarudi ofisini na sahani ya halwa na karatasi nyeupe.

Mkuu wangu akauliza, "Vipimo viko wapi?"

Nikamwambia, "Kesho inshallah," nikamkata kipande cha halwa.

Nyinyi leo mna mashine inayopima chumba kizima kwa mwanga, na inamaliza kabla mimi sijavaa miwani. Siionei wivu, ninaipenda khasa. Ila haiwezi kutikisa kikombe. Nendeni mapema, nyweni vikombe vitatu, tikiseni, kisha ndio mtoe mashine mfukoni. Nyumba ya mtu haipimwi na mtu ambaye hajaketi.

Aliyenifundisha mbao alikuwa Fundi Mbarouk, seremala wa ofisi, mtu wa Malindi, Unguja, mfupi, mwenye sauti kubwa na ghadhabu fupi. Yeye alikuwa anatengeneza, mimi ninachora, na baina yetu tulikuwa na kelele za kutosha ofisi nzima. Siku za mwanzo nilimwonyesha mchoro wangu wa boriti za wikio, mistari sita sawasawa, imenyooka. Aliutazama, akanirudishia.

"Hizi boriti umezichora wewe au umezizaa wewe?" akauliza. "Maana zote zina sura moja. Nenda ukazitazame. Hakuna mbili zinazofanana."

Alikuwa na haki. Boriti za Mutrah ni miti ya mikoko, imetoka Rufiji na Lamu ikavuka mpaka huku, na kila mmoja umekuja na kibiongo chake. Na urefu wake ndio uliopanga mji. Mkoko mzuri haufiki mbali: unavuka chumba chembamba, unavuka kichochoro, basi. Mkijiuliza kwa nini vichochoro vya kale vina upana ule ule na vyumba vya kale vina wembamba ule ule, jibu liko juu ya vichwa vyenu.

Fundi Mbarouk alinifundisha kuigonga boriti kwa mpini wa kisu, kuanzia katikati kwenda ukutani. Ikiwa nzima inajibu kavu. Ikiwa imeoza ndani inajibu bubu, na kisu kikichomwa kinaingia bila kubishana. Akanifundisha pia kwamba boriti hailiwi katikati, huliwa kichwani, pale inapoingia ukutani. Ndiyo maana wajenzi wa zamani waliacha upenyo kukizunguka kichwa cha boriti, upana wa kidole, upepo upite. Alisema boriti inapumua kwa nyuma. Yeye hakusema "kwa nyuma". Alitumia neno jengine, ambalo sitaliandika kwa sababu mama zenu watasoma.

Sasa nije kwenye wikio lenyewe, lile ambalo mnaniuliza kila mara na mimi ninageuza maneno.

Nyuma ya soko la Mutrah kulikuwa na nyumba mbili zinazotazamana, za ndugu wawili wafanyabiashara, na ndugu hao walikuwa wameoa dada wawili waliokulia Unguja. Mkubwa Bi Thuweiba, mdogo Bi Raya. Wikio lilijengwa na babu wa waume zao, lakini nyinyi mngewaona wale dada mngedhani lilijengwa kwa ajili yao. Asubuhi Bi Raya anavuka kwa dada yake, jioni Bi Thuweiba anavuka kwa mdogo wake, na katikati wanaitana madirishani kama hawajaonana mwaka. Nilifika mara ya kwanza kupima, nikawa mtu wa nyumbani. Walipojua bibi yangu alikuwa wa Mkunazini, kule kule Unguja, kazi yangu ikawa kula.

Tukalitengeneza wikio lile vizuri. Tulibadilisha mbao za paa, tukapaka chokaa, tukarekebisha vidirisha. Karibu na mwisho wa kazi Fundi Mbarouk alikwenda kuhiji, akaniachia mafundi wawili na maagizo. Siku ya pili yake Bi Raya akanishika mkono akanipeleka kwenye kona ya wikio.

"Nasra mwanangu, hebu inama hapa. Waona nini?"

Nikainama. Kwenye upenyo uliokizunguka kichwa cha boriti nikaona mwanga, na kwenye mwanga nikaona kichochoro, na kichochoroni nikaona kilemba cha mtu.

"Mie nimemuona yeye," akasema Bi Raya, "basi na yeye akiinua kichwa ataniona mie. Sitara gani hii yenye matundu? Tena njiwa wanatia uchafu. Nizibie, mwanangu."

Nilijua. Siwezi kusema sikujua. Lakini nilikuwa nimekula kwao mwezi mzima, na mwanamke mwenzangu ananiomba sitara, na mimi mwenyewe tangu utotoni nimefundishwa kwamba tundu linalotazama nyumbani huzibwa. Ningeweza kutia kipande cha mbao chenye vitobo. Ningeweza kungoja wiki chache Fundi arudi. Nikawaambia mafundi wakoroge simenti. Tukaziba vichwa vyote kumi na viwili, pande zote mbili, tukapaka chokaa juu. Pakapendeza. Bi Raya akaniombea dua ndefu sana.

Fundi Mbarouk aliporudi nikampa mkono wa hija njema, na sikumwambia. Alitazama wikio kwa chini, akasema kazi safi. Niliona haya, kisha nikasahau. Hivyo ndivyo ilivyo kwa makosa mengi ya kazi yetu, wanangu: jengo halikemei siku ile ile.

Miaka ikapita, kumi na zaidi. Nikapanda cheo, nikahamia Bawshar na baadaye huku Hail, nikawa mtu wa vikao. Bi Thuweiba alifiwa na mumewe, kisha akapoteza macho, kisha miguu. Alikuwa kitandani chumbani kwake, anakijua kwa kupapasa, na hataki kuhamishwa hata chumba cha pembeni. Watoto wake wakamfungia kiyoyozi kikubwa, na bomba la maji yake likatolewa nje, likawa linadondoka ukutani, mchana na usiku, karibu kabisa na wikio. Bi Raya magoti yalimharibika, ngazi haziwezi, lakini wikio ni sakafu tambarare. Kila asubuhi alivuka na bakuli la uji na kitana, akamlisha dada yake, akamsuka, akarudi kwa mumewe, mzee Nassor, ambaye naye alikuwa hoi, hawezi kuachwa peke yake.

Siku moja mhandisi kijana wa ofisi yetu, jina lake Haitham, alinipigia simu. Familia yake ilikaa Bujumbura, kwa hivyo Kiswahili chake ni cha bara na mimi nilikuwa nikimchokoza nacho. Siku hiyo hakukuwa na mchezo.

"Mama, ile sabati ya nyuma ya soko nimeifunga, leo siku ya nne. Imeshuka upande mmoja, kuna ufa. Wageni wa meli wanapita pale chini wengi sana. Nitaandika ibomolewe."

Nikaenda mbio. Milango ya wikio imepigwa mbao pande zote mbili. Bi Raya nilimkuta kwake amekaa mbele ya mlango uliozibwa, bakuli la uji mapajani, limepoa.

"Dada hali," akaniambia. "Binti wa kazi anampa, anafumba mdomo. Vijiko viwili, basi. Juzi wajukuu wamenibeba kwa kiti, wamenishusha, wamenipandisha, ngazi nyembamba, kiti kikakwama, nikapiga kelele mtaa mzima ukatoka. Sikuweza tena. Nasra mwanangu, mie na dada hatujapatapo kulala siku bila ya kuonana tangu tumeolewa, ila tangu juzi. Atakufa na njaa na mie nipo hapa, hatua kumi."

Nililia hapo hapo, sikujizuia. Kisha nikaomba mkasi mkubwa na ngazi ya mafundi, nikapanda kwa nje kutoka kichochoroni, umri huo, na buibui nimelifunga kiunoni. Nikagonga boriti katikati: kavu, kavu, kavu. Nikasogea ukutani: bubu. Nikabandua chokaa kwa ncha ya mkasi nikakutana na simenti yangu. Maji ya kiyoyozi yaliingia ukutani yakafika kwenye kichwa cha boriti yakakosa pa kutokea. Kipande cha boriti kilitoka mkononi mwangu kama keki iliyoloa. Nikakaa juu ya ngazi nikashika ukuta.

Hapo palikuwa na njia mbili, na zote nilizijua. Ripoti ikiandikwa kwamba wikio limezeeka, linabomolewa, hakuna wa kuulizwa, na mimi ninabaki Bi Nasra wa mawikio. Ikiandikwa kwamba boriti ni nzima na zimeoza vichwa tu kwa kosa la matengenezo, basi kuna tumaini la kulitengeneza, lakini lazima mtu aulizwe kosa la nani. Jina langu ndilo lililotiwa saini chini ya ramani ile.

Tulikutana asubuhi iliyofuata kichochoroni: Haitham, wakubwa wawili wa ofisi, watoto wa Bi Thuweiba, na Fundi Mbarouk, ambaye nilimpigia simu mwenyewe akaja na fimbo yake, ameshastaafu. Haitham alieleza vizuri, na niseme haki, hakukosea hata kimoja. Daraja lililoshuka juu ya vichwa vya watu si la kuonewa huruma. Akamaliza akasema, "Mbao za umri huu zimechoka, tukubali tu."

Nikasema, "Hazijachoka. Nimezikaba mimi."

Wakanigeukia. Nikaeleza yote, tundu, kilemba cha mtu, njiwa, simenti, chokaa ya juu. Nikasema Fundi hakuwapo na hakuambiwa. Sikumtazama. Nilikuwa mkuu wa kitengo, mama wa watoto wanne, na nilikuwa nikimwogopa yule mzee mfupi kuliko kikao chote.

Fundi Mbarouk aliinua fimbo yake akaielekeza kwenye wikio. Kisha akasema, "Miaka yote hii nnasifiwa kazi ile."

"Nisamehe, Fundi."

"Nishakusamehe. Lakini nimekasirika." Akamgeukia Haitham. "Mwanangu, una keekee?"

Keekee ni ile ya kutobolea mbao, siku hizi ya umeme. Wakaileta. Fundi akaamuru boriti itobolewe katikati kidogo tu, akakinga unga wa mbao kiganjani, akamnyooshea mhandisi.

"Nusa. Ibane kidoleni. Ina maji hiyo?"

Haitham akanusa, akasugua, akarudia boriti ya pili na ya tatu. Unga mkavu, mwekundu, una harufu ya mti. Kwenye vichwa ulitoka mweusi na ulishikana. Kijana yule alikuwa na elimu na hakuwa na kiburi, na hivyo viwili vikikutana mshukuruni Mungu. Akasema, "Kama katikati ni nzima hivi, tunaweza kuunga vichwa. Lakini chini niweke nguzo za chuma mpaka tumalize, na bomba la kiyoyozi lihamishwe leo." Likahamishwa kabla ya adhuhuri. Wanawe Bi Thuweiba walilishika wenyewe.

Mimi niliandikiwa barua ya onyo, ikatiwa kwenye faili langu, na imo mpaka leo. Wengine ofisini walinitazama kwa pembe za macho mwaka mzima. Nilistahili, na nilikula chakula changu vizuri tu.

Kazi ilichukua wiki tisa. Mikoko mipya haikatwi ovyo siku hizi, na vizuri, lakini ofisi ilikuwa na rundo la boriti kutoka nyumba zilizoanguka, na Fundi ndiye aliyekuwa amegombana na kila mkuu ili zisitupwe. Msitupe. Nyumba iliyoanguka ni ghala la nyumba zilizosimama. Alichagua vipande kumi na viwili kwa kuvigonga, akavikata mshazari, akavilaza juu ya boriti za zamani, akavifunga kwa pini za mbao ngumu ya msaji, na safari hii vichwa vikaingia ukutani na upenyo wao. Mbele ya upenyo nikachora kibao cha vitobo vidogo, kimeinamia chini. Upepo unapita, kilemba hakionekani. Kilitaka saa moja ya kufikiri, na mimi saa hiyo miaka ile sikuwa nayo.

Kichekesho cha wiki zile kilikuwa hodi. Fundi alilazimika kupita upande wa wanawake, na kila akipiga hatua alipaza, "Hodi! Mwanamume! Hodi!" hata akiwa amelala chali chini ya sakafu anashikilia pini kwa meno. Bi Raya kila mara alimjibu "Karibu, jifunike wewe," na walicheka kama vijana. Kati ya dirisha na dirisha wajukuu walifunga kamba na kikapu, uji ukavuka kwa kikapu, Bi Raya akaitana na dada yake kwa sauti mpaka ikamkauka. Bi Thuweiba akawa anakula vijiko vitano, siku nzuri sita. Alikonda mikono. Nilikuwa nikiingia kumsalimia, ananipapasa uso, ananiuliza kitu kimoja tu, "Bado?"

Nikawa ninataka kazi iwe kamili mno, mkinifahamu. Mtu aliyekosea hupenda kusafisha zaidi ya panapotakiwa. Mbao za sakafu tulizozifumua niliagiza zirudishwe kwa skrubu, zikazwe zote, zisicheze hata moja. Haitham akapita juu yake, akaruka mara mbili, mimi roho juu, akatia saini.

Bi Raya hakutaka sherehe. Alitia uji bakulini, akachukua kitana, akavua viatu, akavuka. Sote tulibaki upande wake kwa adabu: mimi, Haitham, Fundi. Tulikuwa tumeshaanza kutabasamu pale uliposikika ukelele, na bakuli kuvunjika.

Nilikimbia. Bi Thuweiba alikuwa amejivuta mpaka ukutani, mikono mbele, anasema, "Nani? Nani huyu? Nani kanishika?" Na Bi Raya amesimama, uji umemwagika miguuni, analia, "Mie, dada. Mie Raya." Ilichukua muda kumtuliza. Hata alipomjua, aliendelea kumshika mdogo wake mkono kwa nguvu, akamwambia, "Usinijie hivyo tena. Hujanijia hivyo hata siku moja."

Bi Raya alitoka akanitazama, na sijapata kutazamwa hivyo.

"Mmelitengeneza mpaka limekuwa bubu," akasema. "Lilikuwa likilia nikipita. Dada alikuwa ananisikia toka mlangoni kwangu. Akishasikia, anajitengeneza, anageuza uso, ananingoja. Mie nilidhani wewe wajua, Nasra. Umepima kila kitu."

Nilipima kila kitu. Nilikuwa na ramani tatu za wikio lile, upana, kimo, unene wa kila ubao, na hakuna hata moja nilimoandika kwamba sakafu inalia. Masikio yangu yaliisikia kwa miaka, na mkono wangu haukuiandika. Wanangu, mkienda kupima, nyamazeni kidogo katikati ya nyumba, msikilize, kisha mwandike. Sina mafunzo mengine makubwa kuliko hilo.

Haitham akauliza, "Ubao gani uliokuwa unalia?" Hakuna aliyejua. Bi Raya mwenyewe hakujua, miguu yake ndiyo iliyojua. Basi tukamwomba avuke tena na tena taratibu, huku amefumba macho, na Fundi anamfuata kwa magoti na chaki. "Hapa," akasema mara, "la, mbele kidogo. Hapa." Hatua ya nne kutoka mlangoni kwake. Fundi akatoa skrubu mbili za ubao huo, akapitisha randa ukingoni ili ubao upate kusuguana na mwenzake. Bi Raya akakanyaga, ukatoa mlio mwembamba.

"Huyo panya," akasema.

Fundi akatoa skrubu ya tatu, akapunguza tena. Akajaribu mwenyewe, ukalia kwa unene. Bi Raya akatikisa kichwa, akasema mzito mno, huyo marehemu mume wa dada. Haitham, mhandisi mzima, alikuwa amelala kifudifudi na sikio sakafuni, akisema, "Punguza unene wa uzi mmoja tu, mzee, upande wa kulia." Wakahangaika hivyo mpaka asubuhi ikamalizika, na mimi nikaandika kwenye ramani, kwa wino: ubao wa hatua ya nne ulie, usikazwe.

Bi Raya akajaza bakuli la pili. Akasimama mlangoni kwake, akapiga bismillahi, akahesabu hatua. Kwenye ya nne sakafu ikalia, mlio wa katikati, wa kawaida kabisa, na yeye mwenyewe ukamshika moyo, akasimama pale pale juu ya ubao, machozi yanamdondokea kwenye uji.

Kutoka chumbani upande wa pili ikaja sauti ya Bi Thuweiba.

"Raya, mbona umesimama? Njoo."